Mama pekee kikosini: Miaka 16 ya Kikkan Randall kuisaka medali

KIKOSI cha Marekani kilichokwenda Korea Kusini kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 2018 kilikuwa na wanamichezo zaidi ya 240. Wanawake peke yao walizidi 100. Lakini ukiuliza ni wangapi kati ya wanawake hao walikuwa wamezaa, jibu lilikuwa mmoja tu. Jina lake ni Kikkan Randall, wakati huo akiwa na umri wa miaka 35 na mtoto wa kiume ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili.

Hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya tano. Zile nne za mwanzo alirudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hesabu za kawaida za michezo, mwanamke wa umri huo, aliyekwisha kuzaa, na ambaye hajawahi kuvishwa medali hata moja ya Olimpiki, ni mtu wa kuagwa kwa makofi na kupisha vijana.

Jioni ya Jumatano, Februari 21, 2018, hesabu hizo zilionekana kuwa na kasoro.

Kisa cha Kikkan kinasimuliwa mara nyingi kama kisa cha mwanamke asiyekata tamaa. Ni kweli hakukata tamaa. Lakini ukikifuata hatua kwa hatua unaona jambo jingine ambalo linawahusu zaidi akina mama wanaofanya kazi na waume zao: hakufika pale peke yake. Kila alipokaribia kukwama, kulikuwa na mtu aliyeshika upande wa pili wa mzigo.

Mchezo wa mapafu na miguu

Kwa wasomaji wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, kuteleza kwenye theluji ni picha ya televisheni: mtu anashuka mlima kwa kasi huku vumbi jeupe likitimka nyuma yake. Mchezo wa Kikkan si huo. Wake ni mbio za nyika za kwenye theluji. Mchezaji huvaa mbao mbili ndefu na nyembamba miguuni, hushika fimbo mbili mikononi, na hupanda na kushuka vilima kwa nguvu zake mwenyewe. Hakuna mashine ya kumpandisha. Mikono, tumbo, mgongo na miguu vyote hufanya kazi kwa pamoja, na ndiyo maana wanamichezo wa mbio hizi huhesabiwa kuwa na mapafu na moyo wenye uwezo mkubwa kuliko karibu wanamichezo wengine wote duniani.

Kenya inaukumbuka mchezo huu kupitia Philip Boit, mkimbiaji aliyegeuka mtelezaji. Mwaka 1998 huko Nagano, Japani, Boit alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na bingwa wa siku hiyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri mwishoni ili amkumbatie. Boit alirudi tena kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 na ya Torino mwaka 2006. Katika michezo hiyo miwili, upande wa wanawake, alikuwapo pia msichana mmoja wa Alaska ambaye wakati huo watu wachache walimjua.

Jina lililounganishwa

Kikkan alizaliwa Desemba 31, 1982 katika jiji la Salt Lake City, lakini alikulia Anchorage, jiji kubwa la Alaska. Jimbo hilo la Marekani limekaa peke yake kaskazini, limetenganishwa na majimbo mengine na nchi ya Canada. Katikati ya Desemba jua la Anchorage huonekana kwa muda usiofika saa sita, kisha giza hurudi. Kwa watoto wa huko theluji ni uwanja wa michezo.

Hata jina lake lilitokana na maafikiano ya wazazi. Baba alitaka aitwe Kiki, kwa heshima ya Kiki Cutter, mwanamke wa Marekani aliyetamba katika mbio za kushuka milima ya theluji miaka ya 1960. Mama alipenda Meghan. Wakayaunganisha majina mawili, akapatikana Kikkan. Katika ukoo wake mchezo haukuwa jambo geni: mjomba wake na mama yake mdogo, Chris na Betsy Haines, wote walifika Olimpiki katika mbio za nyika za theluji miaka ya 1970 na 1980.

Shuleni alikuwa mkimbiaji hodari, na wenzake wakambandika jina la utani la Kikkanimal, yaani Kikkan mnyama, kwa jinsi alivyojituma mazoezini. Baadaye alizoeleka pia kwa shungi la rangi ya waridi kwenye nywele zake za dhahabu, ambalo watoto wengi wa kike wa Alaska waliliiga.

Badala ya kuhamia Ulaya, ambako mchezo huu ndiko una mizizi, alibaki nyumbani na kujiunga na kituo cha mazoezi cha Chuo Kikuu cha Alaska Pacific. Chini ya kocha Erik Flora, kituo hicho kilimpa kitu ambacho hata mataifa makubwa yangekitamani: kiangazi, theluji inapoyeyuka mjini, wanamichezo hupandishwa kwa helikopta hadi kwenye barafu ya Eagle iliyoko juu milimani na kukaa huko siku kadhaa wakiteleza asubuhi na jioni.

Nafasi ya 44

Olimpiki yake ya kwanza ilifanyika mwaka 2002 katika jiji lilelile alikozaliwa. Alikuwa na umri wa miaka 19. Katika mbio fupi alishika nafasi ya 44.

Ili kuelewa uzito wa safari iliyokuwa mbele yake ni lazima kujua hali ilivyokuwa. Marekani, pamoja na utajiri wake wote wa michezo, ilikuwa maskini katika mbio za nyika za theluji. Katika historia yake yote ilikuwa na medali moja tu ya Olimpiki: ya fedha, aliyoipata Bill Koch mwaka 1976 huko Innsbruck, Austria. Mwanamke wa Marekani hakuwahi kupata hata moja. Norway, Uswidi, Ufini na Urusi ndio waliogawana meza hiyo. Mtoto wa Norway anaweza kujifunza kuteleza mara tu anapojua kutembea, na mabingwa wa mchezo huo wanajulikana hata kwa bibi kijijini. Msichana wa Kimarekani aliyesema anataka kuwashinda hao alionekana kama anayeota.

Mwaka 2006 huko Torino akapanda hadi nafasi ya tisa, nafasi ambayo hakuna mwanamke wa Marekani aliyewahi kuifikia. Desemba 2007, katika mji wa Rybinsk nchini Urusi, akashinda mbio za Kombe la Dunia, wa kwanza kutoka kwa wanawake wa nchi yake. Miezi michache baadaye damu iliganda kwenye mshipa wa mguu wake, tatizo ambalo lingeweza kummaliza kimichezo, hata kumuua. Alitibiwa, akaanza upya, na Februari 2009 huko Liberec, katika Jamhuri ya Czech, akatwaa medali ya fedha ya Mashindano ya Dunia.

Katikati ya pilikapilika hizo, mwaka 2008, alifunga ndoa na Jeff Ellis, Mkanada aliyekuwa mtelezaji. Baadaye Ellis alipata kazi upande wa habari katika Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Kuteleza kwenye Theluji, FIS, hivyo akawa anasafiri kwenye mashindano yaleyale ambayo mkewe alikuwa akishindana. Kwa watu wa kawaida kazi mbili za kusafiri miezi minne kila mwaka ni sumu ya ndoa. Kwao ndiyo iliyowakutanisha.

Usichana wa timu

Mchezaji wa kiwango chake angeweza kujifungia na kocha wake na kutafuta ushindi wa peke yake. Kikkan aliona hatari ya upweke huo. Msimu wa mashindano huanza Novemba hadi Machi, na karibu wote hufanyika Ulaya. Wenzake wa Norway na Uswidi humaliza mashindano Jumapili na Jumatatu wakawa nyumbani. Mmarekani hulala hotelini kuanzia mwanzo wa baridi hadi mwisho wake.

Kadiri wasichana wengine walivyoingia katika timu ya taifa, Kikkan akawa dada mkubwa. Alishiriki nao vyumba, aliwaonyesha alichojifunza kwa taabu, na badala ya kuwaona kama washindani wa nafasi yake, aliwaona kama watu ambao bila wao mbio za kupokezana hazishindiki. Timu ikazoea kuvaa soksi ndefu za mistari na kupaka uso rangi kabla ya mbio za kupokezana, mambo ambayo mtu mzima anaweza kuyaona ya kitoto. Novemba 2012 huko Gällivare, Uswidi, wasichana hao wanne wa soksi za mistari walishika nafasi ya tatu katika mbio za kupokezana za Kombe la Dunia. Lilikuwa jambo ambalo halijawahi kutokea.

Mmoja wao alikuwa Jessie Diggins, binti kutoka Minnesota ambaye Kikkan alimzidi umri kwa karibu miaka tisa. Februari 2013 huko Val di Fiemme, Italia, wawili hao walishinda dhahabu ya Mashindano ya Dunia katika mbio fupi za wachezaji wawili. Hadi hapo Kikkan alikuwa bora duniani katika mbio fupi: alitwaa taji la jumla la msimu mara tatu mfululizo, mwaka 2012, 2013 na 2014.

Pia alitumia muda wake kwa Fast and Female, shirika lililoanzishwa na bingwa wa Olimpiki wa Canada, Chandra Crawford, kwa ajili ya kuwafanya wasichana wasiache michezo wanapofika umri wa kubalehe.

Pigo la Sochi

Alipofika Sochi, Urusi, Februari 2014, kila gazeti la Marekani lililoandika habari za theluji lilikuwa limeshamvisha medali. Mbio fupi za mwaka huo zilikuwa za mtindo huru, mtindo anaoumudu kuliko wote. Alikuwa bingwa wa dunia wa timu, mshindi wa mataji ya msimu, na katika umri wa miaka 31 alikuwa kwenye kilele chake.

Aliishia robo fainali. Aliongoza kwa muda, akapitwa mita za mwisho, na akakosa kuendelea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwenye karatasi ya matokeo jina lake lilisomeka nafasi ya 18.

Miaka minne ya maandalizi ilikuwa imekwisha kwa dakika chache. Olimpiki nyingine ingekuja akiwa na miaka 35. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo yeye na mumewe walikuwa wakiliahirisha mwaka hadi mwaka: mtoto.

Kalenda ya mtoto

Mwajiriwa wa Tanzania anajua kwamba sheria inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Wa Kenya anapata miezi mitatu. Mwanamichezo wa kulipwa hana mwajiri wa namna hiyo. Anaishi kwa zawadi za ushindi na mikataba ya wadhamini, na vyote viwili hutegemea aonekane uwanjani. Mwili wake ndiyo ofisi yake. Ujauzito unapokuja, nyonga hulegea, misuli ya tumbo hutanuka, na usingizi hupotea. Ndiyo maana wanawake wengi wa michezo huahirisha uzazi hadi wastaafu, na wengine wakistaafu hukuta muda umekwenda.

Kikkan na Jeff walifanya kama wanavyofanya watu wenye kazi za msimu: waliitazama kalenda. Mashindano ya Dunia hufanyika kila mwaka usiogawanyika kwa mbili. Olimpiki ilikuwa ya mwaka 2018. Msimu wa 2015 hadi 2016 haukuwa na lolote kati ya hayo mawili. Kama mtoto angekuja, huo ndio ulikuwa mwanya.

Mtoto wao alizaliwa Aprili 2016. Mama aliendelea na mazoezi wakati wa ujauzito kwa kiwango ambacho mwili uliruhusu, na baada ya kujifungua akaanza kurudi taratibu. Novemba ya mwaka huohuo familia ya watu watatu ilikuwa Ulaya, ikihama kutoka mji mmoja wa theluji hadi mwingine na mabegi ya nepi kati ya mabegi ya mbao za kutelezea.

Hakuwa peke yake. Katika kipindi hichohicho walikuwa wamejifungua pia Marit Bjørgen wa Norway, Aino-Kaisa Saarinen wa Ufini na Katja Višnar wa Slovenia. Kwa ghafla mchezo ulikuwa na kundi la wanyonyeshaji waliokuwa wakishindana kwenye barafu.

Hapo lilizuka swali ambalo kila mama wa sokoni, ofisini au shambani analijua: mtoto akae wapi wakati mama anafanya kazi? Mtoto mchanga hawezi kusubiri nje kwenye baridi. Chumba cha hoteli kinaweza kuwa mbali na uwanja, na kati ya kupasha mwili moto, hatua ya mchujo, robo fainali, nusu fainali na fainali, mama hawezi kwenda na kurudi. Wachezaji walikuwa na vibanda vya kupaka nta mbao zao. Watoto hawakuwa na mahali.

Kikkan alikuwa miongoni mwa waliolipeleka suala hilo kwa shirikisho na waandaaji: watengewe mahali penye joto pale uwanjani, ambapo mtoto anaweza kulala, kucheza na kunyonyeshwa, huku baba, bibi au yaya akimwangalia. Halikuwa ombi la pesa nyingi wala la kubadili sheria za mchezo. Lilikuwa ombi la chumba. Nafasi hizo zikaanza kupatikana katika vituo vya Kombe la Dunia, na watoto wa washindani wakawa wanacheza zuliani pamoja wakati mama zao wakitafuta kupitana nje.

Matokeo hayakuchelewa. Februari 2017, kwenye Mashindano ya Dunia ya Lahti, Ufini, Bjørgen alishinda dhahabu nne. Kikkan, miezi kumi baada ya kujifungua, alichukua shaba katika mbio fupi.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake. Vivian Cheruiyot alijifungua mwaka 2013 na mwaka 2016 akashinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018 na kuendelea kutawala mita 1,500. Lakini kila mmoja anajua kwamba nyuma ya mama anayekimbia kuna mtu aliyebaki na mtoto.

Sehemu 19 kati ya 100

Sasa turudi Korea Kusini, Februari 21, 2018. Ni mbio fupi za wachezaji wawili. Kila timu ina wanawake wawili wanaopokezana. Kila mmoja huzunguka mara tatu, mzunguko mmoja kilomita 1.25, na wakati mwenzake akiwa njiani yeye huvuta pumzi kwa dakika chache tu kabla ya kuingia tena.

Kikkan alipangwa kuanza, Diggins amalize. Maana yake ni kwamba katika mizunguko yake mitatu Kikkan alikutana uso kwa uso na Charlotte Kalla wa Uswidi, aliyeshinda dhahabu ya kwanza kabisa ya michezo hiyo, na Marit Bjørgen wa Norway, mama mwenzake wa chumba cha watoto, mwanamke ambaye angeondoka Korea akiwa na medali 15 za Olimpiki, idadi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifikia katika michezo ya majira ya baridi.

Kazi ya Kikkan haikuwa kushinda. Ilikuwa kutoachwa. Mzunguko wa kwanza hakuachwa. Wa pili hakuachwa. Wa tatu, wakati wengine walipoongeza kasi kwenye kilima, aling'ang'ania, akashuka pamoja nao, na akamgusa Diggins mgongoni wakiwa bado mbele na Uswidi na Norway. Timu nyingine zilikuwa zimebaki nyuma. Baada ya hapo hakuwa na la kufanya isipokuwa kusimama pembeni na kutazama.

Kwenye kona ya mwisho Diggins alikuwa nyuma ya Stina Nilsson wa Uswidi, bingwa wa mbio fupi wa michezo hiyohiyo. Akatoka pembeni, akamsogelea, na kwenye mita za mwisho wakawa bega kwa bega. Diggins alinyoosha mguu mstarini na kuanguka. Saa ilionyesha dakika 15 na sekunde 56.47. Uswidi walikuwa nyuma kwa sehemu 19 kati ya 100 za sekunde moja.

Kikkan alimkimbilia pale chini kwenye theluji, akamwangukia na kumkumbatia. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Marekani katika mbio za nyika za theluji, na medali ya kwanza ya aina yoyote tangu ile ya Bill Koch miaka 42 nyuma. Kikkan alikuwa amesubiri miaka 16. Huko Sochi alikosa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hapa sehemu ndogo ya sekunde ikamrudishia.

Katika michezo hiyohiyo wanamichezo wenzake walimchagua kuingia katika Kamisheni ya Wanamichezo ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Msimu ulipokwisha akastaafu, na familia ikahamia Penticton, mji mdogo wa magharibi mwa Canada, nchi ya mumewe.

Siku ya Mama

Kwa hadithi nyingi hapo ndipo pazia linaposhuka. Kwa Kikkan kulikuwa na mbio nyingine ambazo hakuzifanyia mazoezi.

Mei 2018, Siku ya Mama, ikiwa ni chini ya miezi mitatu tangu avishwe dhahabu, aligusa kitu kigumu kwenye titi lake. Alikuwa na umri wa miaka 35, hajawahi kuvuta sigara, anakula vizuri, na mwili wake ulikuwa umepimwa na madaktari wa michezo kwa miaka mingi. Angeweza kujiambia kwamba ni jambo dogo litakalopita. Hakufanya hivyo. Alikwenda kupimwa, na majibu yakasema ni saratani ya matiti, hatua ya pili.

Julai alitangaza hadharani. Matibabu aliyafuata Anchorage, kwa watu wake: tibakemia, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, kisha upasuaji, kisha mionzi. Nywele zilizojulikana kwa rangi ya waridi zilidondoka. Kati ya awamu moja na nyingine aliendelea kufanya mazoezi, kwa kutembea, kuendesha baiskeli au kuteleza, kadiri nguvu zilivyoruhusu siku hiyo. Na nyumbani kulikuwa na mtoto wa miaka miwili ambaye hakujua saratani ni nini, aliyetaka kubebwa kama siku zote.

Wenzake wa timu ya zamani walirudisha fadhila. Zile soksi za rangi ambazo walizivaa pamoja kwa miaka sasa zilitengenezwa zikiwa na maneno ya kumtia moyo kwamba mambo yatakuwa sawa, na mapato yakapelekwa kwa AktivAgainstCancer. Hilo ni shirika la Norway linalohimiza mazoezi yawe sehemu ya matibabu ya saratani. Mmoja wa waanzilishi wake ni Grete Waitz, mshindi mara tisa wa mbio za marathoni za New York, ambaye alifariki dunia kwa saratani mwaka 2011.

Novemba 2019, baada ya kumaliza matibabu, Kikkan alijipanga kwenye mstari wa kuanzia wa marathoni hiyohiyo ya New York, akichangisha fedha kwa ajili ya shirika hilo. Siku hiyo mshindi wa wanawake alikuwa Joyciline Jepkosgei wa Kenya. Nyuma yake sana, kati ya maelfu ya watu, mtelezaji mstaafu wa Alaska alimaliza kilomita 42 chini ya saa tatu.

Nani alibeba nini

Ukiiweka safari hii mezani na kuuliza nani alifanya nini, orodha inakuwa ndefu. Wazazi na ukoo walimlea kwenye mchezo. Kocha alimtunza kwa zaidi ya mpango wa mwaka mmoja. Mume alikubali ndoa ya kuhamahama na zamu za mtoto. Shirikisho lilikubali kwamba mama akiingia uwanjani, mtoto naye anahitaji mahali. Wasichana aliowafundisha ndio waliokuja kummalizia mbio zake, na ndio waliovaa soksi zake alipokuwa kitandani.

Yeye mwenyewe alibeba sehemu ambayo hakuna wa kumsaidia: kuamka gizani Alaska kila asubuhi, kurudi baada ya Sochi, na kwenda hospitali mapema alipogusa uvimbe.

Hilo la mwisho ndilo linalofaa kukumbukwa leo katika kila nyumba. Si kila uvimbe ni saratani, lakini hakuna anayeweza kujua kwa kuukalia kimya. Mwanamke anaujua mwili wake kuliko mtu mwingine yeyote. Akihisi kigumu kisichokuwapo, ngozi inayovutika, chuchu inayoingia ndani au kutoa majimaji yasiyo ya kawaida, aende kituo cha afya wiki hiyohiyo, na mumewe amsindikize. Mwanamke aliyekuwa na afya kuliko karibu kila mtu katika nchi yake hakusema ataangalia mwezi ujao.

Alipokuwa msichana wa miaka 19 aliyeshika nafasi ya 44, alichokitaka kilikuwa medali. Aliipata. Lakini wasichana waliomfuata kwenye Kombe la Dunia walirithi kitu kisichoning'inizwa shingoni: uhakika kwamba mwanamke anaweza kuzaa na kurudi kazini, kwa sababu waliona kwa macho yao mama akishindana uwanjani na mtoto wake akimngoja kwenye chumba chenye joto.